Jani Linapofunga Mlango: Homoni ya Ukame katika Misitu ya Mlima Meru

Katika mikoa yetu ya kaskazini husikika kauli mbili juu ya miti, na aghalabu hutoka katika kinywa cha mtu mmoja. Ya kwanza husema kwamba miti huleta maji: ukikata msitu, chemchemi hukauka. Ya pili husema kwamba miti hunywa maji: ukipanda mikaratusi kando ya mto, mto hukauka. Mkulima wa Tengeru haoni ubaya wa kuziamini zote mbili, lakini mwalimu wa biolojia anayeulizwa na wanafunzi wake ipi iliyo kweli hujikuta mashakani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama mizizi peke yake, wala mvua peke yake. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kitundu cha jani kisichoonekana kwa macho, na katika homoni inayokifunga.

Kwa watu wa Arusha jambo hili si la udadisi tu. Mji huo umejengwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya mteremko wa kusini wa Mlima Meru, ambao kilele chake chafikia takriban mita 4,560. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo jijini watu zaidi ya 600,000. Mito ya Themi, Nduruma na Usa huteremka kutoka mlimani, hunywesha migomba, mibuni na mboga kwa njia ya mifereji ambayo Wameru na Waarusha wameichimba na kuitunza tangu zamani, kisha maji yake huungana na Mto Kikuletwa na kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani. Juu ya mashamba hayo umo msitu wa asili. Na mahali pengi, kati ya msitu wa asili na mashamba, imepandwa misonobari, ambayo wengi huiita misindano, pamoja na saipresi. Maji yanayopandishwa na miti hii yote hadi kwenye majani yake, na kutoka humo kuwa mvuke, ni maji ambayo hayatafika mtoni.

Biashara ya jani

Jani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi. Tendo hilo ndilo usanisinuru. Sasa, kabonidayoksaidi ni haba mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa ni sehemu nne na kidogo tu. Ili kuipata, jani halina budi kufungua vitundu vyake, yaani stomata. Lakini ndani ya jani seli zote zimelowa, na hewa iliyo katikati ya seli hizo imejaa mvuke karibu kabisa. Mlango ukifunguliwa ili kabonidayoksaidi iingie, mvuke nao hutoka. Hakuna jani lililopata kuwa na mlango unaokaribisha kimoja na kukizuia kingine. Katika miti ya kawaida, kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi inayonaswa hugharimu molekuli 200 hadi 500 za maji. Mwanafunzi akiona kwamba bei hiyo ni kubwa, hakukosea. Lakini mti hauna duka jingine.

Vitundu vyenyewe ni vidogo sana. Katika milimita moja ya mraba ya jani la mti huwamo mia moja, mia mbili, pengine zaidi. Hata vikiwa wazi kabisa, jumla ya nafasi yake huwa asilimia moja au mbili tu ya eneo lote la jani. Hata hivyo jani laweza kupoteza mvuke kiasi cha nusu ya ule ambao ungetoka kwenye maji yaliyo wazi yenye eneo sawa na lake. Ajabu hii ilielezwa na Waingereza wawili, Brown na Escombe, mwaka 1900. Gesi inapopenya katika tundu dogo, wingi wake hufuata upana wa tundu kutoka ukingo hadi ukingo, si eneo lake. Kwa hiyo matundu madogo mengi yaliyotawanyika hupitisha gesi kuliko tundu moja kubwa lenye eneo sawa na jumla yao.

Kila kitundu kina mabawabu wawili, nao ni seli linzi, zenye umbo la punje mbili za maharagwe zinazotazamana. Seli hizo zikijaza chembe za potasiamu ndani yake, maji huzifuata kwa osmosisi, seli huvimba, na kwa kuwa ukuta wake wa upande wa ndani ni mnene zaidi, hujipinda kama upinde na kuacha uwazi katikati. Potasiamu ikitoka, maji hutoka pia, seli hulegea, mlango hufungwa. Kazi yote hiyo yaweza kumalizika kwa dakika chache.

Juu na chini ya paa la msitu

Msitu si jani moja kubwa. Anayepita chini ya miti katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha huona ubaridi na kivuli, akadhani kwamba hali ni hiyo hiyo hadi juu. La hasha. Majani ya paa la msitu, mita 20 au 30 juu ya kichwa chake, yanaishi katika nchi nyingine. Hupigwa na jua kali na upepo. Kwa kawaida ni madogo, manene, yenye stomata nyingi zaidi kwa kila milimita ya mraba. Majani ya chini ya mti huo huo ni mapana na membamba, na hungojea viraka vya jua vinavyopita kwa dakika moja au mbili.

Tuchukue siku ya Januari au Februari, wakati wa jua na ukavu baada ya vuli. Saa tatu asubuhi hewa ina unyevu wa kutosha, mwanga ni mwingi, na majani ya juu hufanya biashara nzuri: yananunua kabonidayoksaidi kwa maji machache. Kufika saa saba mchana, jani limepata joto, hewa imekuwa kavu, na maji yaliyomo katika mishipa ya zilemu yamevutwa kama kamba. Mvuto huo waweza kuwa mara kumi, hata mara ishirini ya kanieneo la hewa. Ukizidi mno, utepe wa maji hukatika, kipovu cha hewa huingia, na mshipa huo huacha kupandisha maji. Kwa hiyo majani ya juu hufunga milango yake kwa kiasi, ingawa jua ni jingi kuliko wakati mwingine wowote. Ni mapumziko ya adhuhuri ya lazima. Majani ya chini, yaliyo kivulini, huendelea kubaki wazi.

Kwenye mteremko wa kusini mambo huweza kugeuka. Mawingu ya Juni na Julai yanapoulalia mlima, jani halina hofu ya ukavu, bali hofu ya kulowa. Kabonidayoksaidi husafiri katika maji polepole mara 10,000 hivi kuliko katika hewa. Utando mwembamba wa maji juu ya stomata ni sawa na kuziba mlango kwa udongo. Ndiyo maana miti mingi ya misitu ya mvua huwa na stomata upande wa chini tu, na majani yake huwa na nta, au ncha ndefu inayodondosha maji.

Homoni iliyopewa jina lisilo lake

Homoni ni kemikali itengenezwayo na kiumbe kwa kiasi kidogo mno, nayo huchukua amri kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Wanafunzi wengi wanaijua oksini, ambayo Charles Darwin na mwanawe Francis waliikaribia mwaka 1880 walipochunguza miche inayoinamia mwanga, na ambayo F. W. Went aliithibitisha mwaka 1928. Mama anayevundika ndizi shimoni kwa moshi hutumia homoni nyingine, ethilini, iliyomo ndani ya moshi huo. Ameitumia bila kungoja kitabu.

Homoni ya makala haya ilipatikana kwa njia mbili zilizokutana. Huko California, F. T. Addicott na wenzake walikuwa wakitafuta kitu kinachoangusha vitumba vya pamba kabla ya kukomaa. Mwaka 1963 walikitoa kikiwa safi, wakakiita absisini ya pili. Wakati huo huo huko Wales, P. F. Wareing na wenzake walitafuta kitu kinachofanya machipukizi ya miti yalale usingizi wa majira ya baridi, wakakiita dormini. Mwaka 1965 ilionekana kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, molekuli yenye atomi 15 za kaboni, nayo ikapewa jina la asidi ya absisiki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukata. Baadaye ilidhihirika kwamba kuangusha majani ni kazi ya ethilini zaidi kuliko yake. Lakini jina lilikwisha kuandikwa vitabuni, na kama ilivyo kwa majina ya watoto, halikubadilishwa.

Kazi yake kubwa ilianza kufahamika mwaka 1969. Wright na Hiron walionyesha kwamba jani la ngano likianza kunyauka, kiasi cha asidi hiyo ndani yake hupanda mara nyingi. Mwaka huo huo Mittelheuser na Van Steveninck walionyesha kwamba jani lililokatwa na kunyweshwa asidi hiyo hufunga stomata zake. Yaani amri ya kufunga mlango ilikuwa imepata mwandishi wake. Ilichukua miaka 40 mingine kulipata sikio linalosikia amri hiyo: mwaka 2009 makundi ya watafiti yalitambua protini za seli zinazoishika asidi ya absisiki. Protini hizo zikiishika, hukinyamazisha kimeng'enya ambacho siku zote kimekuwa kikizuia kufungwa kwa mlango. Kizuizi kikiondoka, seli linzi humwaga chembe zake za chumvi nje, hulegea, na tundu hufumba.

Je, ni nani anayetoa habari za ukame, mizizi au majani? Mwaka 1985, Blackman na Davies wa Chuo Kikuu cha Lancaster walikuza mahindi yenye mizizi iliyogawanywa katika vyombo viwili. Chombo kimoja kilimwagiliwa, kingine kiliachwa kikauke. Majani hayakukosa maji hata kidogo, lakini stomata zilianza kufunga. Ni dhahiri kwamba upande mkavu wa mizizi ulituma habari. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba habari hiyo ni asidi ya absisiki yenyewe, inayopanda pamoja na maji. Siku hizi mambo yamepata marekebisho. N. M. Holbrook na wenzake walipounganisha, mwaka 2002, vichwa vya minyanya ya kawaida na mizizi ya minyanya isiyoweza kutengeneza asidi hiyo vizuri, stomata zilifunga vile vile udongo ulipokauka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya homoni hutengenezwa katika majani yenyewe. Mizizi hupeleka habari kwa njia nyingine pia, nayo majani huandika amri. Mwalimu atakayekuta mchoro wa zamani unaoonyesha mshale mmoja tu kutoka mizizini aongeze wa pili.

Mwangati na msonobari

Hapa ndipo Mlima Meru unapotupa somo zuri, kwa kuwa miti haitii amri hiyo kwa namna moja. Kwenye miteremko mikavu ya kaskazini na magharibi, mvua isikofika kwa wingi kwa sababu mlima umeikinga, mti wa asili unaojulikana zaidi ni mwangati, ambao Wamasai huuita oltarakwai. Mwangati ni wa ukoo wa saipresi. Msonobari wa mashambani, Pinus patula, ni mgeni kutoka milima yenye ukungu ya Meksiko, na ni wa ukoo mwingine.

T. J. Brodribb na S. A. M. McAdam wa Tasmania walilinganisha koo hizo, ingawa si kwa miti ya Meru. Jamaa za misonobari, ukame unapoanza, hupandisha asidi ya absisiki na kuiweka juu muda wote. Milango hufungwa mapema na hubaki imefungwa. Jamaa za saipresi huipandisha mwanzoni, kisha, ukame ukizidi, kiasi chake hushuka tena, na mlango hubaki umefungwa kwa sababu tu jani limepungukiwa na maji kiasi cha kulegea. Miti hiyo huthubutu hivyo kwa kuwa mishipa yake ina nguvu ya kustahimili mvuto mkubwa ambao ungekata maji ya msonobari.

Faida na hasara za tabia hizo mbili zilionekana wazi kusini magharibi mwa Marekani katika ukame wa miaka ya 2000 hadi 2003. Huko misonobari mifupi na jamaa za mwangati huota bega kwa bega. Misonobari ilikufa kwa mamilioni. Jamaa za mwangati wengi walibaki. Watafiti wengi hueleza kwamba msonobari uliofunga milango kwa miezi mingi ulilinda maji yake lakini ukakosa sukari, hata utomvu wa kujikinga na mende watobozi wa magome ukapungua. Wengine hutilia mkazo zaidi kukatika kwa maji katika mishipa. Nionavyo mimi, hoja hizo mbili hazipingani sana: mti wenye njaa hauwezi kurekebisha mishipa iliyoharibika, na mende hawaulizi umedhoofika kwa njia gani. Jambo la kushika ni kwamba kufunga mlango kuna gharama kama kuufungua. Homoni haiokoi mti bure, huuchagulia hatari.

Mabonde ya majaribio

Turudi sasa kwenye kauli mbili tulizoanza nazo. Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na majaribio ya kale na mazuri juu ya jambo hili. Kuanzia miaka ya 1950, watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililokuwa Muguga, Kenya, wakiongozwa kwa miaka mingi na H. C. Pereira, walipima mvua iingiayo na maji yatokayo katika mabonde madogo ya Kericho, Kimakia na Mbeya. Karibu na Mbeya walilinganisha bonde lenye msitu wa asili na bonde lililolimwa mahindi. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata wakati wa kiangazi. Huko Kimakia, katika milima ya Nyandarua, mianzi ilikatwa na Pinus patula ikapandwa. Miti ilipokua na kufunga paa lake, matumizi yake ya maji hayakutofautiana sana na yale ya mianzi.

Matokeo ya Mbeya yaliwashangaza wengi, lakini anayeijua stomata hapaswi kushangaa. Shamba la mahindi likivunwa halina jani lolote kwa miezi mingi. Msitu wa kijani kibichi una majani mwaka mzima, na mizizi mirefu. Maadamu mizizi hiyo ingali inafikia udongo wenye unyevu, amri ya ukame haitolewi, na milango hufunguliwa kila asubuhi. Zaidi ya hayo, mvua inayonasa juu ya majani hugeuka mvuke kutoka nje ya jani bila kupita mlangoni kabisa. Juu ya maji hayo homoni haina mamlaka. Mkaratusi ulio kando ya mto, miguu yake imo majini, basi kwa nini ufunge?

Je, tukate msitu wa Meru ili tupate maji? Asomaye hivyo atakuwa amesoma nusu. Udongo wa bonde la Mbeya ni wa majivu ya volkano, unaofyonza mvua vizuri hata ukilimwa. Mahali ambapo udongo uliolimwa au kukanyagwa na mifugo hushindiliwa, mvua hutiririka juu kwa juu, huleta mafuriko Aprili, na chemchemi hukosa akiba ya Septemba. Tena, katika ukanda wa mawingu miti hukamata matone ya ukungu kwa majani, kuvumwani na ndevu za mzee, na kuyadondosha ardhini. Andreas Hemp, aliyechunguza misitu ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto uliounguza misitu ya juu na kuishusha mipaka yake umeupunguzia mlima huo maji ya ukungu, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ile iletwayo na kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Jani hilo hilo linalotoa mvuke mchana wa jua hukusanya maji usiku wa mawingu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama miti inanywa au inaleta maji aulize kwanza: mti gani, kwenye mwinuko gani, udongo gani, mwezi gani.

Kwa shule

Majaribio mawili yanawezekana bila maabara kubwa. La kwanza: paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la mbuni, iache ikauke, ibandue kwa gundi ya utepe, iweke chini ya hadubini, uhesabu stomata. Fanya vivyo hivyo upande wa juu. Kwa mbuni hutaona hata moja. Linganisha jani la juu lenye kupigwa na jua na jani la kivulini la mti huo huo.

La pili linahitaji subira. Otesha maharagwe, na miche ikiwa michanga gawanya mizizi ya kila mche katika makopo mawili yaliyowekwa pamoja. Baada ya wiki mbili, nusu ya miche imwagiliwe makopo yote mawili, nusu nyingine kopo moja tu. Chovya karatasi chujio katika mmumunyo wa kobalti kloraidi, ikaushe mpaka iwe ya buluu, na kila siku saa nne asubuhi ibane upande wa chini wa jani kwa vipande viwili vya kioo. Vaeni glavu, kwani chumvi hiyo ni sumu, na msiishike kwa mikono mitupu. Andikeni sekunde zinazopita mpaka karatasi igeuke ya waridi. Kopo lililonyimwa maji linapoendelea kukauka, miche yake inatazamiwa kuchukua muda mrefu zaidi, na hilo laweza kutokea huku majani yake yangali yamesimama wima. Tofauti inaweza kuwa ndogo kwa mche mmoja. Tumieni miche isiyopungua kumi kila upande, na mchukue wastani.